Kioo gani cha dirisha kwa nyumba ya Njombe inayopashwa joto na jua?

SWALI: Mtaalamu, pole na majukumu. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Njombe na sasa tumefika kwenye linta. Baridi ya huku unaijua, mwezi wa sita na wa saba tunakaa sebuleni na makoti. Kaka yangu anayeishi Ujerumani ananisihi nijenge nyumba inayojipasha joto kwa jua bila hita. Amenitumia ramani yenye madirisha makubwa upande wa kusini, na anasema ninunue vioo vya tabaka tatu au angalau mbili. Fundi wangu wa alumini anasema nisihangaike, niweke vioo vya bluu vya kuakisi vya milimita 6, kwa kuwa ni vinene na vinapendeza. Duka moja la Dar es Salaam nalo limenipa bei ya kioo cha tabaka mbili chenye utando wa kuzuia joto. Bei hiyo inakaribia kumaliza fedha niliyotenga kwa ajili ya dari yote. Nimsikilize nani?

JIBU: Ahsante, dada yangu, na hongera kwa kufika kwenye linta. Swali lako limekuja kwa wakati wake, maana mashimo ya madirisha bado yanaweza kuongezwa au kupunguzwa bila gharama kubwa.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze sababu zake. Upande wa kaskazini weka kioo cheupe, kisicho na rangi wala utando, tena cha tabaka moja, kwenye fremu ya mbao inayofunga barabara. Kwa ndani tengeneza vifuniko vya mbao vya kufunga kila jioni. Kioo cha tabaka mbili, fedha ikiruhusu, kipeleke upande wa kusini na vyumba vya kulala. Cha tabaka tatu huna haja nacho. Kioo cha bluu cha kuakisi usikiweke popote kwenye nyumba hiyo. Na kabla ya kununua kioo chochote, geuza ramani ya kaka yako.

Ramani hiyo haina kosa kwa huko alipo. Ulaya na Marekani jua la majira ya baridi hupita kusini, ndiyo maana vitabu vyao vyote husema madirisha makubwa yatazame kusini. Njombe iko nyuzi 9 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, baridi inapouma, jua lenu la adhuhuri liko kaskazini, limeinuka kama nyuzi 57 kutoka upeo wa macho. Ukuta wa kusini mwezi huo haupati mwale hata mmoja wa moja kwa moja, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, na ndio huohuo unaopigwa na upepo wa kusi. Ukijenga kama ramani ilivyo, utakuwa umefungua nyumba kwa upepo na kuifunga kwa jua.

Kaskazini kwenu kuna zawadi nyingine ambayo watu wa Ulaya hawana. Ifikapo katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linakuwa juu ya utosi, na Desemba linahamia kusini. Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini hupokea jua miezi ile ya baridi tu, na joto linapoanza kuongezeka linaachwa kivulini bila wewe kufanya chochote. Huko Ulaya hupigiwa hesabu ndefu za upana wa paa ili kupata matokeo kama hayo.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga wa jua kwa urahisi. Mwanga huo ukigonga sakafu na kuta hugeuka joto, na joto linalotoka kwenye vitu vya kawaida vya ndani haliwezi kupenya kioo kama mwanga ulivyopenya, linanaswa ndani. Lakini halinaswi kabisa. Kioo kinakunywa joto hilo, kinapata moto kidogo, kisha kinalitoa nje. Kwa hiyo kila kioo kina kazi mbili za kupimwa: kinaingiza jua kiasi gani mchana, na kinavujisha joto kiasi gani usiku. Wauzaji wengi hukutajia moja tu kati ya hizo.

Kazi ya kwanza hupimwa kwa namba iliyo kati ya 0 na 1. Kwenye karatasi za viwanda vya Ulaya utaiona kwa herufi g, na za Marekani kwa herufi SHGC. Namba 0.86 maana yake asilimia 86 ya nishati ya jua inayogonga kioo inaingia ndani. Kazi ya pili hupimwa kwa namba inayoitwa U, yaani wati ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. U ikiwa kubwa, kioo kinavuja sana. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hizi mbili usimpe fedha ya kioo ghali. Kioo cheupe cha kawaida hakihitaji karatasi, namba zake zinajulikana dunia nzima.

Unene nao tuumalize haraka, kwa sababu fundi wako ameutumia kama hoja. Kioo hupitisha joto vizuri sana, na milimita mbili za ziada hazibadilishi kitu. Cha milimita 4 na cha milimita 6 vyote vina U ya karibu 5.7 au 5.8. Unene ni suala la nguvu. Dirisha dogo linatosha kwa milimita 4, kubwa linataka 5 au 6, na kioo kinachoshuka hadi karibu na sakafu, mahali ambapo mtoto anaweza kukigonga, kiwe cha usalama, kile kinachovunjika kuwa chembe badala ya vipande vya kukata. Joto halimo kwenye mjadala huo.

Rangi ndiyo habari kubwa. Kioo cha kahawia cha milimita 6 huingiza takriban asilimia 60 tu ya nishati ya jua. Kile cha kuakisi, ambacho ukisimama nje unajiona kama kwenye kioo cha kujitazamia, mara nyingi kiko kati ya asilimia 30 na 50. Usiku vyote viwili vinavuja sawasawa na kioo cheupe cha bei ndogo, maana rangi haizuii joto kutoka. Vioo hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya majengo ya miji ya joto, ili kiyoyozi kisizidiwe. Nikipita Njombe, Makete au Mafinga na kuona nyumba mpya nzuri zimevishwa vioo vya bluu, naumia kweli. Watu wamelipa zaidi ili walifukuze jua, kisha Julai wananunua mkaa wa kuirudishia nyumba joto lilelile.

Kioo cha utando, ambacho karatasi za viwanda hukiandika Low-E, kinahitaji maelezo zaidi, kwani kiko cha aina mbili zinazofanya kazi tofauti kabisa. Utando ni tabaka jembamba mno la madini lisiloonekana kwa macho. Huachia mwanga upite na kurudisha joto la ndani. Aina moja ilibuniwa kwa nchi za baridi: inazuia joto lisitoke lakini inaruhusu jua jingi kuingia, g ya 0.6 hivi ikiwa kwenye kioo cha tabaka mbili. Aina ya pili ni ya nchi za joto: inazuia jua lisiingie, g ya 0.3 au chini ya hapo. Zote mbili zinaweza kuuzwa kwa jina lilelile na kwa sifa ileile ya kuokoa umeme. Duka la Dar es Salaam linauza hasa kwa wenye ofisi na hoteli za Pwani, na mteja wa namna hiyo anataka aina ya pili. Sisemi wanakudanganya, bidhaa yao inafaa kwa mji wao. Waulize g ni ngapi. Wakikutajia namba iliyo chini ya 0.5, hicho si kioo chako.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo uamuzi ulipo. Chukua siku ya Juni yenye anga safi. Tuseme ukuta wako wa kaskazini, baada ya upenu kukata sehemu ya jua, unapokea uniti 3 za nishati kwa kila mita ya mraba ya dirisha, uniti ileile unayonunua kwenye luku. Usiku tuupe saa 14, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, ndani nyuzi 18 na nje nyuzi 8. Kumbuka pia kwamba jua la juu hugonga kioo kwa mshazari, na mshazari hupunguza kiasi kinachoingia, hasa kwenye vioo vya tabaka nyingi. Hilo nimeliingiza kwenye hesabu.

Kioo cheupe cha tabaka moja kinaingiza kama uniti 2.4, kinavujisha 0.8 usiku, kinakuachia 1.6. Cha tabaka mbili cheupe, chenye U ya karibu 2.8, kinaingiza 2.0, kinavujisha 0.4, kinakuachia 1.6 vilevile. Umelipa zaidi ya mara mbili na matokeo hayajasogea. Cha tabaka mbili chenye utando wa nchi za baridi kinakuachia karibu 1.4, na cha tabaka tatu 1.2. Kile cha utando wa nchi za joto kinabakisha 0.6. Cha kuakisi, uniti 0.2 tu, karibu sawa na kujenga ukuta mahali hapo.

Sasa rudi kwenye kioo cheupe cha tabaka moja, ukifunike usiku kwa mbao ya paini yenye unene wa milimita 25, ikae vizuri kwenye fremu na kuacha nafasi ndogo ya hewa iliyotulia kati yake na kioo. U inashuka kutoka 5.8 hadi karibu 2. Uvujaji wa usiku unakuwa chini ya uniti 0.3, na unabaki na zaidi ya uniti 2 kwa kila mita. Hakuna kioo dukani, kwa bei yoyote, kitakachokupa hivyo kwenye ukuta wa kaskazini wa Njombe siku ya jua. Nawe unaishi katikati ya misitu ya paini.

Kwa nini basi kaka yako anaambiwa habari nyingine? Kwa sababu hesabu yake ni tofauti. Nyumba za kwanza za mtindo anaoufahamu zilijengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, zikiwa na vioo vya tabaka tatu, na baadaye taasisi ya Wolfgang Feist, mmoja wa waasisi wa mtindo huo, katika mji huohuo ikaweka kiwango kwamba dirisha zima, pamoja na fremu yake, lisizidi U ya 0.85 kwa hali ya hewa ya kule. Darmstadt, Desemba, jua la adhuhuri linainuka nyuzi 17 tu, mchana una saa 8, na wiki nzima inaweza kupita na mawingu mazito huku nje maji yakiganda. Hapo kazi ya dirisha ni kuzuia kwanza, kuingiza baadaye. Njombe mnayo saa 11 na nusu za mchana hata Juni, usiku wenu ni wa baridi lakini si wa theluji, na kiangazi chenu ndicho kipindi chenye baridi. Ni bahati adimu baridi na anga safi kuja pamoja. Mweleze hivyo, ataelewa. Ushauri wake ni wa upendo na ni sahihi kwa anakoishi.

Msomaji wa Limuru au Kinangop, kule Kenya, asiichukue hesabu hii ilivyo. Huko jua la Julai nalo liko kaskazini, lakini mawingu huweza kufunika anga siku nyingi mfululizo, na siku isiyo na jua kioo cha tabaka mbili hushinda cha moja bila ubishi. Hata kwenu, asubuhi za ukungu ni siku za namna hiyo. Ndiyo sababu vifuniko visifunguliwe kwa saa bali kwa jua: ukungu ukichelewa kuondoka, fungua dirisha moja la mwanga na uyaache mengine yamefungwa.

Kwa sebule ya mita 30 za mraba ningeweka mita 4 hadi 5 za kioo upande wa kaskazini, si zaidi. Mita 4 zikiingiza uniti 2 kila moja zinakuwa 8, sawa na hita ya wati 1,000 inayowaka saa nane. Joto hilo linahitaji mahali pa kulala hadi usiku. Sakafu ya zege ya sentimita 10 kwenye sebule hiyo hubeba zaidi ya uniti moja na nusu kwa kila nyuzi moja inayopanda, na kuta za matofali ya kuchoma hubeba nyingine. Kwa hiyo acha sakafu wazi pale jua linapopiga. Vigae vya rangi ya kukolea, au saruji iliyopakwa nta nyekundu kama ya nyumba za zamani, vinafaa sana. Zulia nene mbele ya dirisha la kaskazini linaharibu kazi yote: jua litapasha zulia, zulia litapasha hewa, adhuhuri mtasikia joto la kukera na saa 3 usiku mtarudi kwenye makoti.

Madirisha ya mashariki na magharibi yasipuuzwe. Juni jua kwenu huchomoza likiwa limeelekea kaskazini kwa kama nyuzi 24 kutoka mashariki kamili, na huzama hivyohivyo upande wa magharibi. Dirisha la jikoni likitazama mashariki, chai ya asubuhi mtainywa kwenye jua. Dirisha moja la magharibi sebuleni ni zuri pia, kwa kuwa joto lake linafika alasiri, muda mfupi kabla ya baridi kuanza. Sharti ni kwamba liwe na kifuniko, maana Oktoba na Novemba jua la alasiri linaingia moja kwa moja na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Kioo hapo ni kilekile cheupe.

Upande wa kusini mambo yanageuka. Hapo kioo hakiingizi jua la Juni, kinavujisha tu, usiku na mchana. Punguza ukubwa wa madirisha hayo yabaki ya mwanga na hewa. Kama una fedha ya kioo cha tabaka mbili kwa baadhi ya madirisha, ipeleke huko. Kadhalika vyumba vya kulala, kwa sababu nyingine. Ndani kukiwa na nyuzi 18 na nje 8, uso wa ndani wa kioo kimoja unashuka hadi nyuzi 10 na nusu hivi. Watu wawili wakilala na kupumua usiku kucha, hewa inafika unyevu ambao unaanza kugeuka matone ya maji kwenye nyuzi 11. Ndiyo yale maji yanayotiririka kwenye vioo alfajiri, yanayoozesha fremu na kuleta ukungu mweusi kwenye kona. Kioo cha tabaka mbili, uso wake wa ndani unabaki kwenye nyuzi 14, na maji hayo hayatokei. Niseme wazi kwamba vifuniko vya mbao haviondoi tatizo hili. Kioo kilicho nyuma ya kifuniko kinakuwa baridi zaidi, kwa hiyo kizingiti cha chini kiwe na mteremko na tundu dogo la kutolea maji nje, na asubuhi kipite kitambaa.

Kuna jambo moja kuhusu vioo vya tabaka mbili ambalo muuzaji wa Pwani pengine hatakutajia. Hewa iliyo kati ya vioo viwili inafungiwa kiwandani isiingie wala kutoka. Ikifungiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ina msukumo wa Dar es Salaam. Mzigo ukipanda Kitonga na kufika kwenu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, msukumo wa hewa ya nje umepungua kwa takriban asilimia 20. Hewa iliyofungiwa inataka kutanuka, vioo vinavimba kwa nje, na gundi ya pembeni inavutwa. Vidogo na vyembamba huweza kupasuka njiani au wiki chache baada ya kufungwa. Vingine vinastahimili, lakini gundi inaachia polepole, unyevu unaingia, na baada ya muda unabaki na kioo chenye ukungu katikati usioweza kuufuta. Wajenzi wa milima ya Colorado na New Mexico, Marekani, wanalijua tatizo hili siku nyingi. Huagiza vioo vyenye kijibomba chembamba sana cha kusawazisha msukumo. Kwa hiyo, kabla ya kulipia, mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba vioo vinakwenda mita 2,000 na uulize vitasawazishwaje. Akisema vimejazwa gesi ya argoni, usilipie nyongeza hiyo: kijibomba kikiachwa wazi, gesi itatoka.

Vikifika, fanya jaribio dogo. Washa kiberiti cha gesi mbele ya kioo mahali penye giza na utazame taswira za mwali. Kioo cha tabaka mbili kina nyuso nne, hivyo utaona miali minne. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na mingine, hapo ndipo utando ulipo. Kwa nyumba ya baridi tunapenda uwe kwenye uso wa tatu ukihesabu kutoka nje. Ukiona miali yote minne ya rangi moja, hakuna utando, na hupaswi kuwa umelipia.

Fremu ina uzito sawa na kioo. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, na fremu za alumini za kawaida zinazoteleza hazina kizuizi chochote kati ya ndani na nje. Tena dirisha la kuteleza haliwezi kubana. Lina nafasi ili litelezeke, na upepo wa kusi unaijua nafasi hiyo. Kabla ya kutafuta kioo cha ajabu, ziba nyufa. Sehemu kubwa ya kioo cha kaskazini iwe isiyofunguka kabisa, ibandikwe kwenye fremu ya mbao na silikoni, na pembeni kuwe na bawa moja la bawaba lenye mpira kuzunguka pande zote. Nondo zikae nje ya kioo, bawa lifungukie ndani, na kifuniko cha mbao kiwe cha kwanza kufunguka. Mwambie seremala atumie mbao iliyokauka kwa miezi, kwani paini mbichi itapinda na kifuniko kitaacha mwanya. Kingo zake azivalishe kitambaa kizito au mpira. Na luva za vioo, zile za vipande vinavyogeuka, zisionekane sebuleni wala chumbani.

Ukishaibana nyumba namna hii, jiko la mkaa lisiingie ndani tena, hata kwa nusu saa ya kuota kabla ya kulala. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika nyumba iliyozibwa vizuri inaua watu wakiwa usingizini. Nakuomba uwaambie wote watakaoishi humo, na mgeni atakayelala humo, kila msimu wa baridi. Jikoni acha tundu la hewa la kudumu, na vyumba vya kulala vifunguliwe madirisha adhuhuri, hewa ya nje inapokuwa na joto.

Kuhusu upenu, mwite fundi wa paa kabla hajakata mbao. Kwa jua la nyuzi 57, upenu wa sentimita 60 hutupa kivuli cha sentimita 93 ukutani adhuhuri ya Juni. Juu ya dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita moja na ishirini, kivuli hicho kinaweza kula nusu nzima ya kioo. Ama uupunguze upenu wa upande huo ubaki sentimita 40, ama uteremshe kichwa cha dirisha na kizingiti chake viwe chini zaidi. Mvua ya Njombe si ya kudharau, kwa hiyo mimi ningechagua kuteremsha dirisha na kuuacha upenu ulinde ukuta.

Fedha ya dari usiiguse. Chini ya bati tupu, joto lote ulilolikusanya mchana litapanda na kuondoka usiku, na kioo cha bei yoyote hakitalirudisha. Dari kwanza, kuziba nyufa pili, vifuniko tatu. Vioo vya tabaka mbili vinakuja baada ya hayo, na vinaweza kusubiri mwaka au miaka.

Ili viweze kusubiri, mwagize seremala kitu kimoja sasa hivi, akiwa bado anachonga. Kwenye fremu za kusini na za vyumba vya kulala achonge ngazi ya pili upande wa ndani, sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye kioo cha kwanza. Siku utakapopata fedha utanunua kioo cheupe cha kawaida cha milimita 4 mjini Njombe, ukiweke kwenye kifremu chembamba cha mbao chenye mpira, na kukifunga kwenye ngazi hiyo kwa vikomeo. Utapata karibu faida yote ya kioo cha tabaka mbili cha kiwandani. Kwa kuwa hakijafungiwa hewa, hakitavimba kwa ajili ya mlima, na kikiingia vumbi utakitoa, utakifuta na kukirudisha. Oktoba unaweza kukiondoa na kukihifadhi stoo hadi Mei. Kifremu cha kwanza kianzie chumba cha watoto.